Kuhifadhi samaki kwa kumbukumbu ya Marjorie Courtenay-Latimer

mwl_baiolojia (Lindi):
Wakuu, klabu ya sayansi shuleni inataka kumkumbuka yule mama wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, aliyemwona silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, tarehe 22 Desemba 1938, akafariki Mei 2004. Hotuba hatutaki, tunataka kuhifadhi samaki kama alivyojaribu yeye. Tuna changu wa nusu kilo na fomalini (dawa ya kuhifadhi miili isioze) ya dukani. Vipimo vikoje? Na kwa nini tumbo huoza samaki akiwa ndani ya dawa?

fundi_maabara:
Fomalini ya chupa ni asilimia 37 hadi 40. Changanya sehemu moja kwa maji sehemu tisa, na boraksi kijiko cha chai kwa lita, la sivyo asidi inakula mifupa. Dawa iwe mara kumi ya samaki, kwa hiyo lita 5 kwenye ndoo ya lita 10. Tumbo huoza kwa sababu dawa hupenya polepole na uchafu wa utumbo hauisubiri. Mchome sindano tumboni na kwenye minofu minene, au mpasue kidogo upande wa kulia. Wa kushoto ni wa picha. Mapezi yatandaze kwa pini mapema, akishakakamaa basi tena. Baada ya siku 7 hadi 10, maji matupu siku mbili ukibadilisha, kisha ethanoli asilimia 70.

mtwara_shangani:
Fomalini achanganye mwalimu, nje penye upepo, glavu na miwani. Mvuke wake unachoma macho na unaleta saratani. Watoto waanzie kwenye ethanoli.

jarife_kilwa:
Bi Marjorie aliponzwa na ukubwa na joto. Samaki mita moja na nusu, kilo 57 na ushei, mochwari na ghala la baridi wamemkatalia. Akamviringishia shuka na magazeti yaliyoloweshwa fomalini, nayo kidogo, ndani haikufika. Ikabidi achunwe. Telegramu ya J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, ya kutunza mifupa na matamvua ilipofika, vimeshatupwa. Kuchunguza viungo vya ndani kulisubiri silikanti wa pili, Komoro, 1952. Kwetu alinaswa Songo Mnara 2003. Akitokea tena: barafu tele, halafu afisa uvuvi.

Mwalimu, penseli na rula zitangulie ndoo. Smith alimjua samaki kwa mchoro wa huyo mama, na fomalini inafuta rangi.