Kupima tabaka la kaya Dar: tuulize kipato, matumizi au vitu vya ndani?

Dodoso_Temeke: Habari wakuu. Tunaandaa dodoso la kaya za Mbagala na Tandale. Tunataka kuzipanga kwa matabaka, kisha tuone watoto wamepanda au wameshuka kuliko wazazi wao. Rasimu inauliza kipato cha mwezi na vitu: runinga, friji, pikipiki. Wapi tutakwama?

Mchumi_Ubungo: Mtakwama kwenye kipato. Mama muuza vitumbua ukimwuliza anaingiza shilingi ngapi atakutajia mauzo, na humo ndani umo mchele, mafuta na mkaa wa kesho. Ulizeni matumizi: chakula kwa siku 7 zilizopita, kodi ya nyumba na mahitaji ya shule kwa mwaka, halafu vyote mvigeuze kuwa vya mwezi. Kodi ina mtego wake. Wengi hulipa miezi 3 au 6 kwa mkupuo, kwa hiyo ukiuliza ya mwezi uliopita tu, mmoja ataonekana tajiri na jirani yake kama analala bure. Anayeishi kwenye nyumba yake mkadirieni kodi ambayo angelipa. Halafu kuna chakula cha mama lishe: anayehojiwa nyumbani hajui mwenzake amekula cha shilingi ngapi kazini.

Matumizi ya kaya msiyagawanye kwa idadi ya vichwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu humpa kila mtu uzito kufuatana na umri na jinsia, mtoto mdogo akihesabiwa chini ya mtu mzima mmoja. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, wa 2017/18 ulikuwa sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, hivyo kaya yenye uzito wa watu wazima 4 ilihitaji sh 197,280. Kwa mstari huo, maskini walikuwa asilimia 26.4 nchi nzima na 8 kwa Dar. Kabla ya kuutumia leo, upandisheni kwa bei za sasa.

Mtaa_kwa_Mtaa: Naongezea. Nyumba ya vyumba 6 Tandale inaweza kuwa na kaya 6, maana kaya ni wanaokula chungu kimoja. Mdodosaji akimhoji mwenye nyumba peke yake, wapangaji wote wamepotea.

Pikipiki nayo, ulizeni: ni yako, ya mkataba au ya hesabu? Wa kwanza anamiliki chombo. Wa mkataba yuko njiani kukimiliki. Wa hesabu anampelekea bosi fedha kila jioni na hatakimiliki kamwe. Zote zinalala uani pale pale, ila kwa mtazamo wa Marx, aliyepanga matabaka kwa kuangalia nani anamiliki nyenzo za kazi, hizo ni nafasi tofauti kabisa. Friji vilevile: kuna ya chakula cha nyumbani, kuna ya barafu za kuuza.

Dodoso_Temeke: Asanteni sana. Na kupanda tabaka? Tulifikiria kulinganisha elimu.

Mchumi_Ubungo: Elimu peke yake itawadanganya. Tangu 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazina ada, rika zima limesogea. Binti wa kidato cha nne, baba darasa la saba: huenda hajampita mtu. Mpangeni kila mmoja ndani ya rika lake, baba alikuwa wa ngapi kati ya 100, binti ni wa ngapi.

Kazi ya wazazi, wote wawili, iulizwe ya wakati mhojiwa alipokuwa na miaka kama 14. Mkiuliza ya leo, mzee aliyestaafu ataandikwa "hana kazi". Na baba mkulima Morogoro, mtoto machinga Kariakoo, msikimbilie kuandika "amepanda". Angalieni kwanza matumizi yake, na kama mzigo anaouza ni wake au wa tajiri.