MJADALA: Walimu waruhusiwe kuburuta kurasa za tovuti ya shule, au waachiwe maneno na picha tu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna suala linaloibuka kila nikikaa na wakuu wa shule na kamati zao, naomba tulijadili hapa bila kufichana.

Shule nyingi za sekondari siku hizi zina tovuti, na nyingi kati ya hizo zimejengwa kwa programu za kuburuta na kudondosha: Elementor ndani ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), au Wix, au kile kihariri cha bloku, yaani vipande vya ukurasa kama aya, picha au jedwali, kilichokuja na WordPress 5.0 Desemba 2018. Unashika kisanduku kwa kipanya, unakivuta hadi unapotaka, unakiachia. Huandiki kodi, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, hata mstari mmoja. Sina ugomvi na programu hizi. Bila hizo shule nyingi zisingekuwa na tovuti kabisa, maana fundi wa kuandika kila kitu kwa mkono zisingemmudu. Ninachouliza ni nani aruhusiwe kuburuta tovuti ikishakuwa hewani.

Msimamo wangu ni huu: mwalimu au karani anayeshika tovuti ya shule abadilishe maneno, picha, tarehe na faili. Mpangilio wa ukurasa ufungwe.

Nieleze kilichonifikisha hapo. Kuna shule moja ninayoisaidia ambayo maelekezo ya kujiunga kidato cha tano yalikuwa yanakaa vibaya kwenye simu. Jedwali la mahitaji ya mwanafunzi lilikuwa limebanana hadi halisomeki. Karani akagundua kwamba programu ina kitufe cha kuficha sehemu kwenye simu. Akainakili sehemu yote. Nakala moja akaificha kwenye simu, nyingine akaificha kwenye kompyuta, na ile ya simu akaipanga upya kwa kuburuta. Ikapendeza kweli, wala sibishi.

Mwaka uliofuata tarehe ya kuripoti ikabadilika, na ofisini alikuwa ameshakuja mtu mwingine. Akafungua ukurasa kwenye kompyuta ya ofisi, akabadilisha tarehe, akachapisha, akaangalia kwenye kompyuta ileile, akaona iko sawa. Ile nakala ya simu ilikuwa huko chini ndani ya kihariri, imefifia, akadhani ni mabaki ya zamani. Sasa wazazi karibu wote wanaingia kwa simu. Wakasoma siku na mwezi wa mwaka uliopita. Kuna watoto waliofika getini na magodoro yao, wametoka mkoa mwingine kwa basi, na mabweni bado yamefungwa.

Siwezi kumlaumu yeyote kati ya hao makarani wawili. Kila mmoja alifanya kile ambacho programu ilimruhusu, na alikifanya kwa nia njema. Ndiyo maana nasema ruhusa yenyewe ndiyo ya kuangaliwa.

Mfano mwingine, huu mdogo, lakini nakutana nao kila mahali. Mtu anataka nembo ya shule ikae kulia. Badala ya kuipanga kulia, anaiongezea nafasi ya pikseli (nukta za skrini) 300 upande wa kushoto. Kwenye kompyuta ya ofisi yenye upana wa pikseli 1366 inakaa pazuri. Simu nyingi za Android zinaonyesha ukurasa kwa upana wa pikseli 360 hivi. Toa 300: nembo imebakiwa na 60. Na katika Elementor, kipimo ulichoweka kwa kompyuta kinashuka hadi kwenye simu usipoweka kingine. Kwenye kihariri cha kawaida cha Wix ni kinyume chake: mpangilio wa simu unahaririwa peke yake, kwa hiyo unaweza kusogeza vitu kwa kompyuta siku nzima na simu isitikisike. Karani ambaye hajaelezwa haya atayajuaje?

Kufunga nako kunawezekana, tena si kwa gharama kubwa. WordPress tangu toleo la 6.0 la Mei 2022 ina kufuli kwa kila bloku: huwezi kuihamisha wala kuifuta, ila maneno yake unaandika. Fundi anaweza pia kuwanyima watumiaji wengine uwezo wa kufungua hiyo kufuli. Elementor ya kulipia ina mahali pa kumpa mtumiaji ruhusa ya kuhariri maudhui pekee.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mwalimu wa TEHAMA, sekondari ya kata

Mleta mada, heshima yako, ila napinga.

Wewe unaiona shule kutoka upande wa fundi. Njoo upande wetu. Sisi tovuti yetu ilifungwa hivyohivyo unavyotaka. Tulipopata msiba wa mwalimu tukataka tangazo likae juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, hapakuwa na sehemu. Fundi hakupokea simu. Matokeo ya mtihani wa majaribio, hapakuwa na jedwali. Unajua tulifanya nini? Tulipiga picha tangazo la ubaoni kwa simu tukaipandisha, kwa sababu picha ndiyo kitu pekee tulichoruhusiwa kubadilisha. Picha yenye megabaiti kadhaa, imepinda, na mzazi anaifungua kwa bando la siku. Huwezi kutafuta jina ndani yake, huwezi kunakili namba ya simu. Ukifunga mpangilio, watu watapita mlango wa picha, na tovuti itazidi kuwa mbaya kuliko hiyo ya nembo iliyobanwa.

Halafu kuna suala la ujuzi. Nina klabu ya wanafunzi wanaojifunza kutengeneza kurasa. Wanaanza kwa kuburuta, wanaona kisanduku kiko ndani ya kisanduku, na siku moja mmoja ananiuliza kwa nini safu mbili zinapandana kwenye simu. Hapo ndipo ninapomfungulia HTML na CSS, lugha zinazoandikia kurasa za tovuti na mwonekano wake. Nikiwafungia kila kitu, hilo swali litatoka wapi?

Kosa la karani wako linatibiwa kwa mafunzo ya nusu siku. Mfundishe kufungua ukurasa kwenye simu yake kabla ya kuondoka ofisini, basi.

Mchangiaji, mwalimu asiyeona

Ndugu zangu, nawasoma nyote kwa NVDA, programu ya bure inayonisomea skrini, na ninaona mnazungumzia macho tu.

Kisoma skrini hakijali kisanduku kimewekwa kulia au kushoto. Kinafuata mfuatano wa kodi iliyo chini ya ukurasa. Mtu akiburuta kisanduku cha ada kikaonekana chini wakati kwenye kodi bado kiko juu, mimi nitasomewa ada kabla sijajua ni shule gani. Kosa kubwa zaidi ni vichwa vya habari. Mimi naruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa herufi H, hivyo ndivyo ninavyopekua ukurasa. Mtu anayepanga kwa kuburuta anachagua kichwa cha ngazi ya nne kwa sababu herufi zake zina ukubwa anaoupenda, na chini yake anaweka cha ngazi ya pili. Kwangu ukurasa huo ni kama kitabu kilichochanwa kurasa zikachanganywa.

Mwalimu wa TEHAMA, hilo simu haitakuonyesha, hata ukiifungua mara mia.

Tena nikiambiwa nishike tovuti ya shule yangu, siwezi kuburuta. WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, Oktoba 2023, unataka jambo linalofanyika kwa kuburuta liwe na njia nyingine ya kulifanya. Kihariri cha bloku cha WordPress kina vishale vya kupandisha na kushusha bloku, na orodha ya bloku zote ninayoweza kuipitia kwa kibodi. Kabla hamjaamua nani aruhusiwe, ulizeni kwanza kama chombo chenyewe kinaturuhusu sote.

Mleta mada

Mwalimu usiyeona, ahsante sana. Suala la ngazi za vichwa linanipa sababu ya kufunga ambayo ni nzito kuliko zangu zote. Fundi akiziweka sawa mara moja kwenye kiolezo na kuzifunga, karani hawezi kuzivuruga kwa kutafuta herufi kubwa.

Mwalimu wa TEHAMA, ya msiba na matokeo nakubali ni kasoro ya fundi wenu: alifunga bila kuuliza shule inatangaza nini kwa mwaka mzima. Lakini dawa yake si kufungua kila kitu. Ziko kurasa ambazo zikikosewa mtoto anaumia: maelekezo ya kujiunga, ada na michango, mawasiliano, ratiba ya kufungua na kufunga. Hizo nafunga. Ukurasa wa matangazo nauacha wazi, wenye safu moja tu, na ndani yake mnaongeza jedwali, picha, orodha, mnavyotaka. Safu moja haina cha kupandana kwenye simu, na inasomwa kwa mfuatano uleule inavyoonekana. Tangazo la karibuni linajitokeza lenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo. Hapo msiba ungepata nafasi yake usiku huohuo.

Klabu ya wanafunzi wapewe WordPress yao kwenye kompyuta ya maabara. Inafanya kazi hata bila intaneti. Waburute, wavunje, waulize maswali yote. Mzazi hatakuwa anasoma tarehe humo.

Mafunzo ya nusu siku nayaunga mkono. Tatizo ni kwamba karani aliyefundishwa anahamishwa, na anayekuja anakuta nywila kwenye karatasi, bila maelezo.

Mwalimu wa TEHAMA, sekondari ya kata

Safu moja ya matangazo nakubali, na maabara nakubali. Ukurasa wa mawasiliano sikubali. Mkuu wa shule akihamishwa na namba ikabadilika, nikataka kuongeza namba ya pili ya matroni, hiyo ni sehemu mpya, si neno jipya. Ufunguo wa hiyo kufuli ukae kwa fundi aliye mjini au kwa mkuu wa shule? Kama unakaa shuleni, tufunge leo. Kama unakaa kwa fundi, mimi bado niko upande wa kuburuta.