Meli ya kitalii na watoto wadogo: ipi ina bwawa la kufaa, au twende zetu Jambiani, Zanzibar?

Mama Neema, Sakina
Habari za jioni wapendwa. Kaka yangu aliyeko Florida ametualika tusafiri nao kwa meli Desemba. Viza tunazo. Neema ana miaka mitano, Baraka anatimiza miwili na bado yuko kwenye pampasi. Wote wawili ukiwaonyesha maji hawakusikii tena. Kaka kanipa chaguo tatu: meli ya bei nafuu yenye bwawa la kawaida, Royal Caribbean, au Disney ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Baba yao anasema hela hiyo twende zetu Jambiani. Anayejua mabwawa ya melini anisaidie.

Baba Kelvin, Moshi
Dada, kabla ya bei uliza habari ya pampasi. Meli zinazotia nanga Marekani zinakaguliwa usafi na CDC, shirika lao la kudhibiti magonjwa, na kanuni iko wazi: mtoto ambaye bado hajazoea choo haingii bwawa la wote wala jakuzi. Hata zile pampasi za kuogelea hazimruhusu. Nilifanya kazi melini, na kila safari siku ya kwanza ilikuwa ni mabishano hayohayo: mzazi kamshika mtoto mkono, mtoto kashavaa nguo za kuogelea na maboya mikononi, mhudumu anawazuia pale ngazini. Mtoto analia, mzazi anadai kalipa hela nyingi. Haisaidii kitu.

Nesi wa Njiro
Na wana sababu. Pampasi ya kuogelea inashika kinyesi kigumu tu, vijidudu vinapita. Kuna kimoja kinaitwa Cryptosporidium, kinaharisha vibaya, na kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yaliyotiwa klorini vizuri. Bwawa la meli ni dogo, watu ni wengi, na watoto wanameza maji. Mtoto mmoja tu mwenye kuhara anatosha. Mama Neema, hata Neema akiharisha safarini, asiingie majini.

Mama Neema, Sakina
Kwa hiyo Baraka atakaa pembeni anamtazama dada yake?

Baba Kelvin, Moshi
Inategemea meli. Ninasema meli, siyo kampuni, maana za kampuni moja hazifanani. Disney Dream na Disney Fantasy zina Nemo's Reef, ambako watoto wa pampasi za kuogelea wanaruhusiwa. Royal Caribbean wana sehemu ya aina hiyo kwenye baadhi ya meli zao. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, ina Baby Bay. Siyo mabwawa ya kuogelea hayo, ni maji ya kuchezea yanayoruka na kumwagika, lakini kwa umri wa Baraka yanatosha kabisa. Hiyo ya bei nafuu, kama haina sehemu hiyo, mtoto ataogea kwenye beseni chumbani.

Halafu kina. Mabwawa mengi ya melini hayana upande wa maji mafupi kama ya hoteli zetu. Unashuka ngazi, mguu unagusa chini maji yakiwa kifuani kwa mtu mzima. Meli ikiyumba na maji yanahama upande mmoja, mtoto wa miaka mitano anasombwa. Bahari ikichafuka wanafunga bwawa na kutandaza wavu juu.

Shangazi wa Himo
Mimi nitasema la waokoaji. Disney na Royal Caribbean wanao kwenye mabwawa, lakini kuna meli ambazo utakuta kibao tu kwamba kila mtu na usalama wake. Mwanangu, mtoto anayezama hapigi kelele. Na mkiwa ukoo mzima, wifi anadhani unaangalia wewe, wewe unadhani anaangalia kaka. Mpeane zamu kwa jina, na mwenye zamu asishike simu.

Baba Ima, Usa River
Shikamoo shangazi. Mimi niko na shemeji, Jambiani. Maji yakipwa yanabaki madimbwi ya uvuguvugu, mtoto anakaa humo na pampasi yake hakuna wa kumuuliza. Ila ulizeni wenyeji saa za maji kujaa.

Vyovyote vile, Neema aanze kujifunza kuogelea sasa, na mpelekeni Moshi. Huku Arusha tuko mita 1,400 hivi, maji ya bwawa yanamtetemesha mtoto hata hasikii anachofundishwa. Moshi iko chini zaidi, kuna joto. Kwenye chemchemi ya Chemka msiende na hawa kwa sasa: maji ni mazuri, lakini kina ni kirefu na mizizi ni mingi.

Mama Neema, Sakina
Asanteni sana. Hiyo ya bei nafuu nimeitoa. Usiku huu namuuliza kaka majina ya meli zenyewe, nione ipi ina sehemu ya Baraka; kama hakuna, baba yao kashinda. Nesi, nikimfundisha Baraka choo hadi Desemba si ataruhusiwa bwawa la wote?

Nesi wa Njiro
Mfundishe, lakini usipange safari kwa kutegemea hilo. Wa miaka miwili akiwa ugenini anaweza kurudi nyuma, na kwa kina alichosema Baba Kelvin, bwawa hilo bado si lake.

Mama Neema, Sakina
Nimeelewa. Na hizo sehemu za wadogo zina kivuli?

Baba Kelvin, Moshi
Usitegemee. Beba kofia na fulana za kuogelea za mikono mirefu, wote wawili. Sitaha ya juu ina upepo, huwezi kusikia jua linavyochoma mpaka jioni.