Afande wa kaunta, nani alikutuma urushe maelezo yangu kwenye grupu?

Wana Mtwara, naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Simu yangu imekwapuliwa sokoni. Nimekwenda kituo kile mnachokijua, nikamkuta afande yule yule mnayemjua, macho kwenye simu, kidole kinapanda na kushuka. Nimeandika maelezo, nimepewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Kisha akatoa simu YAKE akapiga picha maelezo yangu: "Namrushia mpelelezi, yuko Nanyamba, ndiyo haraka."

Alasiri napita kijiweni Chikongola, kijana wa bodaboda ananisomea maelezo yangu mwenyewe! Kwa sauti! "Nilikuwa nimeinama nikibishana bei na muuza dagaa..." Jina langu, ninapokaa, hela ya korosho iliyomo kwenye simu, vyote viko grupu la mtaa. Kijiwe kizima kinacheka. ANANISOMEA! Hata mkato anatua pale pale nilipouweka!

Mikindani wamepata, Newala wamepata, nadhani hata ng'ambo ya Ruvuma wanaendelea kurushiana. Ambaye hajapata ni mpelelezi peke yake! Nimempigia kwa simu ya mke wangu, anauliza, "Maelezo yapi?"

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Maelezo ya mlalamikaji si picha za harusi! Polisi watumie simu, nani kakataa? Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ipo, wamtafute mwizi. Sasa mwizi ndiye anajua ninapolala. Na yule kijana ananisomea. Kwa sauti!

Korosho Ghafi: Pole mkuu. Hao dagaa walikuwa bei gani mpaka ukasahau mfuko?

Mwana Shangani: Kumbe ni wewe! Imenifikia tangu saa saba mchana. Mwandiko mzuri lakini.

Binti Mikindani: Acheni utani. Kaka, fungisha laini na akaunti ya pesa kwanza. IMEI iko kwenye boksi la simu, mpe mpelelezi mkononi. Ukianza kupata "ile hela tuma kwenye namba hii", ujumbe huo upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mwanzisha uzi: Asante dada, nimeshafungisha. Lakini KANISOMEA!

Mzee wa Tandahimba: Mnalalamika mna mtandao wa kurushiana picha. Huku kwetu kuwapigia polisi mpaka nipande mkorosho. Nikishuka, mwizi kashakula na kulala.

Mkulima Safi: Mzee, bora wewe mkorosho wako una faida. Sisi tumeuza mnadani, ujumbe wa malipo hauji, ukiuliza AMCOS, chama chetu cha ushirika, unaambiwa subiri.

Korosho Ghafi: Hata nyie? Mnada wa ngapi huo?

Mkulima Safi: Wa pili. Na kilo za ghalani hazilingani na nilizopima shambani.

Mwana Shangani: Hapo kwenye mizani ndipo tunapoibiwa, semeni yote leo.