Nimepewa nyumba nne za mnada nizitunze hapa Dodoma, naanzia wapi?

fundi_mkonze
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Mkonze. Kuna dalali amenifuata, ana nyumba nne ambazo benki imezichukua kwa watu walioshindwa marejesho: mbili Kisasa, moja Ilazo, moja Nkuhungu. Minada imekwama, wateja hawafiki bei, nyumba zimekaa tupu tangu kabla ya mvua. Anataka mtu wa kubadilisha vitasa, kufyeka na kuziangalia mpaka zinunuliwe. Anatoa 80,000 kwa nyumba kwa mwezi, vifaa juu yangu.

Ya Nkuhungu tayari wameng'oa masinki na nyaya. Ya Ilazo ina chumba kimefungwa, ndani kuna vitu vya familia iliyotoka, na mama mwenye vitu anapita mara kwa mara kuchungulia. Mwenye uzoefu anisaidie. Hiyo hela inalipa?

kijana_wa_nala
80,000 kwa kukaa na funguo? Chukua mkuu. Weka mlinzi kila nyumba, umemaliza.

Mama_Kitasa
Mdogo wangu fundi, huyo wa Nala msamehe. Ukiweka mlinzi kila nyumba kwa hiyo 80,000, mshahara utautoa mfukoni mwako.

Kazi hii naifanya tangu Dodoma haijaitwa jiji. Kabla hujanunua kufuli, tafuta karatasi. Dalali si mwenye nyumba. Benki yenyewe hairuki ukuta kwa sababu mtu ana deni: inatoa notisi ya siku 60 kwanza, na ikitaka kuingia inaingia kwa amani au kwa amri ya mahakama. Sasa wewe unayekwenda na drili na msumeno wa chuma bila barua ya benki, ni mvamizi tu mwenye vifaa vizuri. Barua itaje namba ya kiwanja na kitalu, iseme unaruhusiwa kubadilisha vitasa, na iweke namba ya mtu wa benki atakayepokea simu ukizuiwa getini.

Uliza pia kama kuna kesi. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na mke akisema hakuridhia ana pa kwenda. Zuio la mahakama likitoka unasimamisha kazi palepale, hata kama umebakiza bawaba moja. Kwa hiyo huyo mama wa Ilazo usimfukuze. Msalimie, chukua namba yake. Chumba kile usikifungue peke yako: awepo dalali, awepo mwenyekiti wa mtaa, mama mwenyewe aitwe, kila kitu kiandikwe hadi ndoo, wote wasaini. Makochi yale si yako kuyatoa nje, na wala si yako kuyakalia.

Ukishapata barua, nenda kwa mwenyekiti na mjumbe ujitambulishe. Jirani akiona mtu juu ya bati usiku, ajue nani wa kumpigia.

Ya Nkuhungu kwanza piga picha kila kilichong'olewa, dalali au benki wakafungue taarifa polisi, upate RB (namba ya taarifa ya polisi), ndipo upokee funguo. Ukiingia bila hiyo, masinki yale yatakuwa yameibwa mikononi mwako. Piga picha nyufa pia. Maeneo mengine ya mji huu udongo wake wa mfinyanzi unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, kuta zinapasuka zenyewe, halafu unaulizwa wewe.

Vitasa ni kazi ndogo. Kama kitasa ni kizima badilisha silinda tu, pale ufunguo unapoingia. Weka nguvu mlango wa jikoni, wa nyuma. Huko ndiko wanakoingilia.

Sasa maji. Watu wengi huhama siku ambayo bomba halitoi, wanaacha koki wazi. DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, wakifungulia usiku, nani yupo wa kufunga? Nilikuta nyumba Area D sinki la jikoni limezibwa na tambara, maji yamefika mpaka vyumbani, milango ya mbao imevimba haifungi. Hakuna mwizi aliyewahi kunipa hasara ya namna ile. Funga koki ya kwenye mita, mwaga simtanki lote, acha mabomba yakauke. Halafu kila ukipita mimina maji kidogo kwenye sinki na vishimo vya bafuni, na tone la mafuta ya kula juu yake yasikauke haraka. Joto letu linakausha yale maji ya kwenye mkunjo wa bomba, mende na harufu ya shimo vinapanda ndani, na mteja wa dalali anageukia mlangoni.

Mchwa hawana likizo. Pita na kijiti kwenye fremu, bomoa zile njia zao za udongo. Ukirudi ukakuta wamejenga upya, piga dawa kwenye msingi, panda na darini uangalie kenchi. Bati zigongwe misumari kabla ya upepo wa kiangazi. Mifereji isafishwe Novemba, maana mvua yetu ni Desemba mpaka Aprili na ile ya kwanza huja na hasira. Majani fyeka mapema, mbigili ikishakomaa hata tairi la mteja halisalimiki, na nyasi za Julai zinasubiri kiberiti cha mvuta sigara tu.

LUKU, umeme wa kulipia kabla: kodi ya jengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama hakuna aliyenunua umeme muda mrefu, deni limejikusanya. Utanunua wa 5,000 uwashe taa ya nje, upate uniti za kuchekesha. Iandikwe kwamba kodi hiyo ni ya benki.

Ujanja wangu mmoja nakupa bure. Nyumba mojawapo ninayotunza Kisasa ina mizabibu uani. Benki haijui kama ina zabibu. Jirani, mama mtu mzima, nimempa ruhusa kwa maandishi aimwagilie na kuvuna, na zabibu za Dodoma unavuna mara mbili kwa mwaka. Anapita mlango mdogo wa uani, ndani hana ufunguo. Sijawahi kumlipa mlinzi anayekodoa macho kama yeye.

Na ukikuta yai na kitambaa chekundu kizingitini, piga picha, fagia, endelea. Kama utaogopa, rudi kwenye ujenzi.

Hela: 80,000 na vifaa juu yako, hapana. Kazi ya kuanzia (vitasa, nondo, kufyeka mara ya kwanza) itozwe kivyake kwa orodha. Ya mwezi iwe kukagua, kufyeka na picha.

karani_mstaafu
Nilikuwa idara ya mikopo, namuunga mkono Mama Kitasa, niongeze ya ofisini. Andaa TIN (namba ya mlipakodi), leseni na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Kwenye ankara ya huduma watakata kodi ya zuio asilimia 5, iweke kwenye bei yako mapema. Usianze bila LPO, yaani oda ya maandishi ya kazi, neno la mdomo la dalali halilipwi. Ulinzi usiuandike kwenye ankara yako, hiyo ni biashara yenye vibali vyake polisi.

Risiti zinakaguliwa kwa ukali kwa sababu gharama za kutunza nyumba huongezwa kwenye deni la mkopaji, naye ana haki ya kuzihoji. Na bei hawashushi ovyo kwa sababu nyumba ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, mdaiwa anapata hoja ya kupinga mauzo. Ndiyo maana zinakaa. Kila mchwa akila fremu, bei inasogea chini.

mgogo_ohio
Salamu kutoka baridini. Huku Marekani hii ni kazi kamili, ilivuma sana baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008. Benki inawapa kampuni ya kati, kampuni inakupa wewe, na kila mmoja anamega. Picha kabla, wakati na baada, zenye tarehe. Picha moja ikikosekana wanakata malipo. Kabla ya baridi tunatoa maji yote kwenye mabomba yasigande na kupasuka. Hilo halikuhusu fundi, ila la picha libebe lilivyo.

fundi_mkonze
Shukrani sana wakubwa. Nimempigia dalali nikamwambia barua kwanza. Amesema za nyumba tatu zitakuwa tayari wiki ijayo. Ya Ilazo amesema "hiyo tutaongea."

Mama_Kitasa
Basi chukua tatu. Na namba ya yule mama bado ichukue.