Naomba ushauri: redio wanataka nitaje jina langu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Unguja, mwaka wa nne huu sijagusa unga (heroini). Nilipitia soba hausi (nyumba ya kuwasaidia wanaoacha dawa), arosto (maumivu ya kukosa unga) nikaila yote, na mpaka leo sikosi mkutano wa NA (Narcotics Anonymous, kundi la tunaosaidiana kuacha dawa bila kutajana majina).

Sasa redio moja inataka nizungumze tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Wanataka jina kamili na picha ya kuweka mtandaoni. Anayenisimamia kwenye hatua 12 za NA za kuacha dawa amekataa katakata. Ananikumbusha mila ya 11, yaani kanuni ya NA: kwenye magazeti, redio na filamu hatujitaji. Nikijulikana kama sura ya NA halafu nikateleza, anasema, mgeni wa kesho ataona mikutano haisaidii kitu. Mfano wake haubadiliki: Bill W., mmoja wa waanzilishi wa AA (Alcoholics Anonymous, kundi kama letu la wanaoacha pombe), alikataa kuwekwa kwenye jalada la jarida la Time.

Namwelewa. Ila mtaani kwetu nani hajui nilikuwa teja? Nimeiba mpaka sufuria za mama. Wasiojua ni wakwe zangu tu, wako Pemba. Hofu yangu kubwa ni wenzangu: nikitaja mkutano, watu watakuja kuchungulia nani anaingia.

Nawaza niseme tu nimeacha unga, NA nisiitaje kabisa. Inakubalika hiyo, au bado nimevunja mila? Mliowahi kuongea hadharani mlifanyaje? Alhamisi natakiwa niwape jibu.