Ua wa Nyumba ya Bibi

Dada Mkubwa, saa 1:10 asubuhi: Shikamooni wakubwa, wadogo, hamjambo. Fundi wa pevingi, vile vitofali vya kutandika uani, anaanza Jumamosi, hivyo leo tukubaliane kuhusu tabaka la chini yake. Ua ni mita 6 kwa 5, na tabaka la sentimita 10 lililoshindiliwa ni mita za ujazo 3, ila tuagize karibu 4 kwa kuwa kokoto hupungua kimo zikishindiliwa. Napendekeza kokoto zilizosagwa, kubwa na ndogo pamoja na vumbi lake, maana kingo zake kali hushikana.

Dada Mkubwa, saa 4:32: Mmesoma wote, mbona kimya?

Shemeji: Mimi nasubiri kusikia pilau ya kuzindua ua itapikwa lini.

Binamu: Nyama iwe ya mbuzi.

Mjomba: Marahaba. Changarawe za mtoni ni safi na bei yake ni nafuu.

Dada Mkubwa: Mjomba, zile ni za mviringo, huteleza hata zikishindiliwa, na udongo wa pale ni mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Tuchimbe sentimita 19: kumi za kokoto, tatu za mchanga wa chembe kubwa, sita za pevingi yenyewe.

Kaka: Unafuu ndio uliotufikisha kwenye yale ya getini. Tulichanga, tukaambiwa mchanga mtupu unatosha, na sasa magari yamechimba mifereji miwili.

Mjomba: Hayo tulishayamaliza.

Kaka: Hesabu yake sijaiona mpaka leo.

Mjukuu (kwa niaba ya Bibi): Bibi anasema: “Anayepita hapo alfajiri kwenda kutawadha ni mimi, na pevingi moja ikizama nitakayeanguka ni mimi. Wekeni kokoto. Ya getini njooni mniambie mbele yangu, si humu.”

Mjomba: Nimesikia, Mama.

Dada Mkubwa: Ahsante, Bibi. Fundi anataka kumwaga kokoto zote kwa mkupuo. Mimi nataka awamu mbili, kila moja inyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ukiiacha nyumba. Nani atamsimamia?

Kaka, saa 2:15 usiku: Nitafika mchana, kazi ikiruhusu.

Binamu, saa 4:40 usiku: Mchanga wa pwani je?

Dada Mkubwa: Haufai, ni laini na una chumvi. Jumamosi asubuhi hakuna msimamizi bado, na fedha ya ukingo wa zege, ambao bila huo pevingi za pembeni zitatawanyika, haijachangwa.